Asparagasi za kijani: msimu wangu wa kwanza

Naishi Berlin mwaka wa sita sasa. Kila Aprili vibanda vya asparagasi, mboga ya mashina membamba, kutoka Beelitz, mji ulio karibu na Berlin, vikifunguliwa nilikuwa napita tu. Mwaka huu nilisimama, kwa sababu ya tumbo: choo kigumu, siku tatu nne siendi. Tena nilisikia zinasaidia tumbo na hata ubongo.

Fungu la kwanza nililitoa dukani karibu na nyumbani, likanivunja moyo. Vichwa vimelegea, mashina kama vijiti. La pili nikalichukua kibandani. Mama muuzaji alishika mbili akazisugua, zikalia kwi kwi. Akaminya pale zilipokatwa, likachuruzika tone la maji. Za leo hizi, akaniambia. Tangu hapo nasugua kwanza ndipo natoa pesa. Bei huwa kali mwanzoni, Mei inashuka.

Kosa langu lilikuwa pupa. Jioni ile nilimaliza nusu kilo, na gesi ikanikesha. Asparagasi zina inulini, aina ya nyuzinyuzi ambazo hatuwezi kuzisaga. Zinateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wazuri wanazila. Wakila, gesi hutoka, na tumbo lisilozoea litalalamika tu. Nikapunguza: mashina manne au matano, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu choo kikalainika bila dawa. Maji pia nilikuwa nimeongeza, kwa hiyo sifa zote sizipi asparagasi.

Kwa upande wa ubongo sikuona badiliko lolote, wala wiki chache hazitoshi kuliona. Ninachokithamini ni foleti, yaani vitamini B9, ambayo wajawazito hupewa kliniki ili ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vijengeke vizuri. Gramu 100 zilizopikwa zina takriban mikrogramu 150. Mtu mzima anahitaji kama 400 kwa siku. Ila foleti huyeyuka majini. Ukichemsha ukamwaga maji, umeimwaga nayo. Mimi nazipika kwa mvuke dakika nne, nazikamulia ndimu, au nazitia kwenye mchuzi wa nazi unapokaribia kuiva.

Mkojo unaweza kunuka vibaya kwa saa chache, usishtuke. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aongee na daktari wake kwanza, maana asparagasi zina vitamini K, inayosaidia damu kuganda.

Wajerumani wengi hupenda nyeupe, zinazofunikwa udongo zisipate jua. Mimi nabaki na za kijani. Mavuno huishia tarehe 24 Juni ili mimea ipumzike, kwa hiyo nina wiki mbili tu. Jumamosi nachukua mafungu mawili.