Mafuta ya nazi ya chupa, Mbuyuni Moshi: mazuri kwa kukandana, chupa ndiyo kero

Haya ya kukamuliwa bila moto, ml 250, ndiyo tunayowashauri wanandoa waliozoeana mpaka kugusana kumebaki kwa bahati. Hayana manukato ya kuongezwa, hivyo si rahisi ngozi kuwasha. Kasoro ni mdomo wa chupa: mpana mno, ukiinamisha kidogo tu shuka limelowa. Hamishia kwenye chupa ya pampu, na tandika khanga kuukuu chini.

Julai Moshi ikipoa, mafuta huganda, maana chini ya nyuzi 24 hivi mafuta ya nazi hayabaki majimaji. Usiyachemshe. Tumbukiza chupa kwenye maji moto dakika 5, jaribu kwenye kifundo cha mkono kwanza. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mgongo mzima.

Mkandane kwa zamu, dakika 15 kila mmoja, na siku za mwanzo mkubaliane kabisa kwamba hakuna tendo la ndoa. Shinikizo likiondoka, mwili hulegea na mdomo hufunguka: “hapo, taratibu.” Anayekandwa ndiye anayeongoza; mkandaji akianza kubahatisha, mambo huharibika.

Mnaotumia kondomu, tahadhari: mafuta hudhoofisha mpira, hupasuka.