Paleti ya maji ya kujitengenezea: karatasi ya nta ilivyonitia hasira

Jamani naandika hii hasira haijashuka, mtanisamehe. Mi nachora na rangi za akriliki hapa Kampala, chumba cha bati, na jua likishika saa saba rangi inakauka kwenye sahani kabla hata hujaosha brashi. Na akriliki ikishakauka ndo basi tena, maji hayairudishi, unaibandua kama plastiki unatupa, pesa imeenda.

Ndo nikaamua kujitengenezea paleti ya maji, yaani sahani ya rangi yenye unyevu chini ili rangi isikauke. Kazi yenyewe ndogo tu, bakuli bapa la mfuniko wa kubana (nilichukua la chapati, mume wangu mpaka leo analiulizia), ndani sponji lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, halafu rangi inakaa juu ya karatasi. Siri yote iko kwenye hiyo karatasi, inapitisha unyevu kidogo kidogo kutoka chini.

Sasa. Nikaenda duka moja la vitu vya keki mjini, nikamuuliza kaka wa pale, hii ni ya kuokea kweli, si ya nta? Macho hakuyatoa kwenye simu. "Nyabo (yaani mama), karatasi ni karatasi." Na mimi na ujinga wangu nikalipa. Nyumbani nikapanga vizuuri, nikamimina bluu yangu ya bei, nikaenda kusonga posho (ugali), kurudi bluu imeshika ngozi, chini sponji linachuruzika maji na juu jangwa! Nta haipitishi maji, nikaikwaruza na ukucha ikatoka nyeupe hivi. Ningeikwaruza palepale dukani, lakini nani anafikiria?

Nikapanda boda kuirudisha. Akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti wateja wote wasikie, "Kwani keki imeungua?" Wakacheka wote. Pesa nilishasamehe, kicheko kile ndo bado kimenikaa kooni.

Usiku nilitaka kuwaambia hizi paleti za nyumbani ni uongo mtupu msijisumbue. Lakini jirani yangu anayeoka keki za harusi akanikatia kipande cha karatasi yake, bure, nikajaribu tena huku nimenuna, na asubuhi rangi laini kama nimeimimina sasa hivi. Siku ya tatu bado! Nilipiga kelele peke yangu.

Haya, kasoro zipo. Siku moja nilizidisha maji rangi ikawa uji, sponji linataka kukamuliwa kwanza. Na wiki ikipita bila kulifua linanuka, ukungu nao unaingia. Bado naipenda lakini.

Duka lile sirudi. Au nitarudi siku moja na bakuli langu nimfunulie mbele ya wateja wake... ila nauli ya boda nayo pesa. Na bakuli la chapati jikoni halirudi, mume anunue lingine.