Duka la dawa la Lizaboni, Songea: hutoki mpaka uonyeshe umeelewa

Wazazi wa Songea wenye watoto wadogo, lijueni duka la dawa muhimu lililo upande wa Lizaboni, lile lenye benchi la kijani mlangoni. Bei zao ni za kawaida tu. Ninayemsifu ni dada muuzaji: dawa ya mtoto hakuachii mpaka akuone ukifanya kile utakachokwenda kufanya nyumbani.

Binti yangu wa mwaka na nusu alikuwa anaharisha tangu alfajiri. Dada alianza na maswali: kuna damu kwenye choo? Ananyonya? Macho yameingia ndani? Damu ingekuwepo, alisema, asingeniuzia kitu, angenituma kituo cha afya moja kwa moja. Kisha akanipa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. "Baba, utaichanganyaje?" Nikajibu: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. "Hiyo lita utaipimia nini?" Akapanga kaunta nzima chupa tupu za maji za kila ukubwa, nichague.

Mama aliyenifuata alishika ya nusu lita, maana ndiyo aliyo nayo nyumbani. Dada hakumcheka wala hakupandisha sauti. "Hiyo ijaze mara mbili, mama, ndipo umimine pakiti yote." Maji yakipungua chumvi inazidi, na kwa mtoto hilo ni jambo la hatari. Mama yule aliondoka akijua, tena bila kuaibishwa.

Kwenye zinki, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, aliniuliza: "Keshokutwa akiacha kuharisha, vidonge vilivyobaki utavifanyaje?" Jibu ni kuvimaliza. Hata bahasha za dawa haandiki 1x3 akaishia hapo. Anaandika saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Dawa ya maji anaitolea bomba la kupimia, na mstari wa dozi anauchora kwa kalamu mbele yako.

Nafundisha hisabati sekondari, na "ndiyo mwalimu" ya darasa zima haijawahi kunitosha. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, uliojaribisha mtihani wa wazazi uitwao PHLAT kwa walezi 182 wa watoto wachanga. Karibu wote walijua kusoma vizuri, lakini ni asilimia 47 tu walioweza kueleza sawasawa namna ya kuchanganya maziwa ya kopo. Ndiyo maana namthamini dada huyu: yeye haulizi kama umesoma, anapima kama utaweza. Maduka haya ya dawa muhimu yalianzia hapa hapa Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji hupewa mafunzo kabla ya kusimama kaunta. Natamani kipimo chake kiwe sharti kwa wote.

Upungufu upo. Kila swali linasikika mpaka barabarani, na si kila mzazi anataka habari za mwanawe zisikike hivyo. Pazia moja lingetosha. Mabomba ya kupimia nayo huisha, ukapewa kikombe kidogo chenye alama zisizosomeka.

Jioni foleni ni ndefu kwa sababu kila mtu anahojiwa, kwa hiyo wahini kabla ya saa 11. Na nendeni na chombo mnachopimia maji nyumbani, atawaonyesha lita inafika wapi.