Uzoefu Wangu: Kukaguliwa kwa Difu ya Pikapu Katika Gereji ya Kisumu

Huduma ninayoieleza ni ukaguzi na ukarabati wa difu ya nyuma (kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli, kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) ya Toyota Hilux inayonibebea mchele kutoka Ahero hadi Kisumu, na wakati mwingine kuupandisha hadi Kericho. Gereji yenyewe iko upande wa barabara ya Kibos. Ninaipendekeza hasa kwa sababu fundi wake hafungui difu kabla ya kuisikiliza.

Pikapu ilikuwa ikitoa mlio mwembamba kila nilipokanyaga akselereta katika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nao ulififia nilipoachilia. Gereji niliyoipitia kwanza ilitaka kuniuzia papo hapo difu nzima iliyotumika. Huku Kibos fundi aliniambia, "Mama, endesha wewe, mimi nikae nyuma nisikilize." Njiani alinieleza kwamba mlio unaobadilika kwa kukanyaga na kuachilia huelekeza kwenye meno ya krauni na pinioni (gia kubwa ya difu na ile ndogo inayoizungusha), au kwenye beringi za pinioni, kwa kuwa upande wa jino unaobeba mzigo hubadilika, ilhali mngurumo usiojali akselereta, unaofuata kasi ya gari tu na kuzidi au kupungua usukani unapoegemezwa kushoto au kulia, aghalabu hutoka kwenye beringi ya gurudumu. Kelele inayosikika katika kona pekee humfanya azishuku gia ndogo za ndani, zile zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Kishindo cha wakati wa kutia gia na kuachilia klachi nacho si lazima kiwe cha difu, kwa hiyo alilala chini ya gari akaitikisa propela (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) kwa mikono, kwani jointi zake zikilegea hugonga vivyo hivyo na kuzibadilisha ni kazi ndogo.

Tuliporudi, alifungua nati ya kujazia oili kabla ya kugusa ile ya kumwagia. Hiyo ni busara ambayo mafundi wengi hawana: ukiimwaga oili yote kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, gari litalala gerejini. Oili inapaswa kufika ukingoni mwa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama mahali tambarare, lakini kidole chake hakikuigusa. Ile iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya kuingiwa na maji. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kulikuwa na ujiuji laini wa kijivu, ambao ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole ndivyo vya kuogopewa.

Maji yaliingiaje? Ekseli ina tundu dogo la kupumulia kwa juu, na likizibwa na tope, joto la safari huongeza shinikizo ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili (mipira inayozuia oili isivuje). Kisha ekseli yenye joto ikizama ghafla katika maji hupoa, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia sili hizo hizo. Anayejua Ahero wakati Mto Nyando unapofurika hahitaji maelezo zaidi. Tangu hapo tundu hilo husafishwa kila gari linapofanyiwa sevisi, na nikipita kwenye maji yanayofikia ekseli, oili hukaguliwa mara moja.

Krauni na pinioni zilikuwa nzima, jambo lililoniokolea fedha nyingi, kwa sababu hizo huuzwa zikiwa jozi na haifai kubadilisha moja peke yake. Zilizobadilishwa ni beringi za pinioni, sili, na ile bushi inayobonyea nati ya pinioni inapokazwa, ambayo haitumiwi mara ya pili. Nilipenda kuona fundi akipima mchezo wa meno (nafasi ndogo inayoachwa kati ya meno ya krauni na pinioni) kwa geji ya saa, kipimo chenye mshale kama wa saa, badala ya kukisia kwa mkono; kwa gari kama langu unatakiwa uwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Wale wanaoikaza tu nati ya pinioni ili kuzima kelele hubana beringi kupita kiasi na kuziua mapema.

Oili aliyotia ni ya gia, yenye uzito wa 80W-90 na ya daraja la GL-5, yaani ya gia zinazobeba mzigo mkubwa. Meno ya difu ya aina hii husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, na ndiyo maana oili ya injini haifai humo hata kama ni ghali. Alinionya pia nisifunge matairi ya nyuma yenye ukubwa tofauti, kwani gia ndogo za ndani zitalazimika kufanya kazi hata katika barabara iliyonyooka.

Kasoro zipo. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa, na beringi ilinibidi nizitafute mwenyewe mjini, wakati gari limeshafunguliwa. Malipo ya ufundi yalizidi yale ya gereji ya kwanza, ingawa jumla yote ilikuwa chini ya bei ya difu iliyotumika niliyotajiwa huko. Risiti nayo iliandikwa "sevisi ya difu" bila zaidi. Niliomba waongeze aina ya oili na usomaji wa kilomita, nao wakaongeza kwa kalamu.