Uzoefu wangu na gereji inayoyaweka sawa magari ya Japani hapa Kampala

Kwa kuwa Japani nako magari hupita kushoto, Toyota Wish ya mwaka 2012 niliyoinunua katika bondi moja (yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje) ya Nakawa haikuhitaji kubadilishwa usukani wala taa. Kazi iliyobaki, yaani redio, skrini na kuinua gari, niliikabidhi gereji inayotoza malipo ya mkupuo kwa yote matatu.

Redio ndiyo iliyoniudhi. Redio za magari yaliyoundwa kwa soko la Japani wakati ule hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali masafa yetu hufika 108. Fundi alichomeka kwenye waya wa antena kifaa kidogo kinachoshusha masafa kwa megahezi 20, kisha akanionyesha kwa fahari Radio Simba ya 97.3 ikisikika kwenye 77.3. Kwa hesabu hiyo hiyo Capital FM ya 91.3 huangukia 71.3, mahali ambapo redio haifiki kabisa, na KFM ya 93.3 imepotea vivyo hivyo. Anayevipenda vituo hivyo ni heri abadilishe redio nzima, ila aulize kwanza kama kamera ya nyuma itaendelea kuonyesha.

Skrini imebaki na Kijapani chake na ramani ya nchi isiyonihusu, jambo ambalo fundi alinieleza waziwazi kabla ya kupokea pesa. Kile kisanduku cha kulipia barabara za Japani, ambacho kila nilipowasha gari kilinitangazia kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba kadi haijaingizwa, alikiondoa bila kudai nyongeza. Nakiri kwamba abiria wangu walisikitika.

Kuinua gari ndiko kulikonifaa zaidi. Spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, zilizowekwa juu ya springi zimeliepusha tumbo la gari na matuta yaliyokuwa yakilikwaruza, na barabara ya murram ya nyumbani sasa naipita bila kushika roho mkononi. Hata hivyo gari likiinuliwa, pembe za magurudumu hubadilika, nami nilirudishiwa gari linalovuta kushoto, kwa maelezo kwamba alaimenti, yaani kurekebisha pembe hizo, haimo katika bei. Niliifanyia kwingine kwa gharama yangu. Kwa spesa ningerudi kwao, mradi alaimenti iandikwe kwenye risiti kabla gari halijapandishwa jeki. Kwa redio, hapana.