Baruti na Vichwa vya Risasi kwa Revolva ya Mtutu Mfupi: Kipi Ununue Kwanza

Anayejaza upya risasi (kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa) za revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya mtutu wa inchi 2 mara nyingi huanza kwa kuuliza baruti ipi inatoa kasi kubwa kuliko zote. Swali hilo humpeleka kwenye kopo lisilomfaa. Mtutu huo hauipi baruti nafasi ya kuungua polepole, bastola ni nyepesi, alama zake za kulengea kwa kawaida hazirekebishiki, na kijiti cha kutolea maganda ni kifupi. Mambo hayo ndiyo yaamue ununue nini. Nazungumzia zaidi risasi aina ya .38 Special, maana ndiyo inayotumika kwenye revolva nyingi fupi, lakini mengi yanahusu .357 Magnum pia. Kabla ya yote, hakikisha sheria ya unakoishi inakuruhusu kumiliki baruti na kujaza risasi.

Chagua kichwa kwanza, baruti ifuate.

Namba moja kwangu ni kichwa cha greni 158 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), cha madini ya risasi, kilichopakwa polima, chenye pua bapa na bega. Revolva nyingi za .38 zenye alama za kulengea zisizorekebishika zimepangiwa uzito huo. Kichwa chepesi hutoka kabla mdomo wa bastola haujanyanyuka sana, kwa hiyo hupiga chini ya pale ulipolenga, na huna skrubu ya kurekebisha. Polima hupunguza moshi na uchafu wa madini ya risasi unaogandia mtutuni, na bei huwa chini ya vichwa vilivyovikwa shaba.

Namba mbili ni wodikata ya greni 148, kile kichwa bapa kabisa kinachozama karibu chote ndani ya ganda. Hukata tundu safi kwenye karatasi, na mkono hauumii hata ukipiga muda mrefu. Kwa mazoezi ningeiweka juu. Imeshuka kwa sababu uso wake bapa haupenyi upesi kwenye matundu ya silinda. Ukinunua ile yenye kitako chenye shimo, ijaze kwa vipimo vyepesi vya baruti vilivyoandikwa kwa ajili yake tu. Ukiisukuma kwa nguvu, kuta za kitako zinaweza kukatika na kubaki mtutuni, na risasi inayofuata ikapasua mtutu.

Vichwa vyenye utando mwembamba wa shaba vinakuja namba tatu. Ni visafi, lakini ukibana mdomo wa ganda kupita kiasi unaukata utando. Mwisho ni vile vilivyovikwa shaba na kutobolewa puani. Vingi vimetengenezwa kwa kasi ambayo inchi 2 hazifikii, hivyo havifunguki, na unalipia kazi isiyofanyika. Pia vinakwama zaidi mtutuni kuliko vya madini laini ya risasi, kwa hiyo kipimo dhaifu mno kinaweza kukiacha kichwa humo ndani. Kama lazima uwe navyo, tafuta vilivyoundwa kwa mitutu mifupi, mfano Gold Dot ya Speer ya greni 135. Mwenye .357 nyepesi ya titani asome maandishi kwenye mtutu wake: baadhi hukataza vichwa vilivyo chini ya greni 120.

Angalia pia kipenyo kwenye boksi. Cha madini ya risasi kwa kawaida ni inchi .358, kilichovikwa shaba ni .357.

Sasa baruti. Ganda la .38 Special lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, baruti nyeusi ikiwa bado inatumika, ndiyo maana ni pana mno kwa baruti za leo. Kipimo halali hukaa chini kabisa, na nafasi tupu juu yake inaweza kupokea kipimo cha pili bila kumwagika. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kazi hii, na imeathiri orodha yangu.

Ya kwanza ni HP-38. Winchester 231 ni baruti hiyohiyo kwa jina lingine, kwa hiyo nunua iliyo nafuu. Hutiririka vizuri kwenye kipimio, kila ganda likapata karibu kiasi kilekile, na huungua vizuri kwa nguvu ya wastani.

Ya pili ni Unique. Imejaa ndani ya ganda kuliko nyingine, kwa hiyo ukimulika maganda kwa tochi kipimo maradufu kinaonekana mara moja. Kasoro yake ni vipande bapa visivyopimika sawasawa. Kwa vipimo vyepesi huacha chenga zisizoungua, na chenga chache zikiingia chini ya nyota ya kutolea maganda (kipande chenye umbo la nyota nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje), silinda inakuwa ngumu kufunga. Elekeza mdomo wa bastola juu unapotoa maganda, zidondoke nje.

Titegroup ni ya tatu: safi, na haijali sana imelala upande gani wa ganda. Lakini kipimo chake ni kidogo mno, kosa halionekani kirahisi, na huungua kwa joto kali. Bullseye, ya zamani na inayopatana sana na wodikata, naiweka ya nne kwa hofu hiyohiyo ya kipimo maradufu.

H110, ambayo ndiyo Winchester 296 pia, iache dukani. Si ya .38. Hata kwenye .357 inadai kipimo kilichojaa na haitaki kupunguzwa, na kwenye mtutu mfupi unapata mwali mkubwa na kishindo kwa kasi kidogo ya ziada. Maganda nayo hung'ang'ania, na kile kijiti kifupi hakiyasukumi yote nje.

Vipimo vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa hichohicho, uanzie chini. SAAMI, wanaoweka viwango Marekani, wameipa .38 Special kikomo cha shinikizo cha psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 17,000 na .357 Magnum psi 35,000, kwa hiyo usichanganye kurasa.

Kopo la ratili moja lina greni 7,000, linakwenda mbali. Vichwa ndivyo vinavyokula pesa, basi nunua 100 kabla ya 1,000. Jaza silinda, pima urefu wa risasi moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi), piga nyingine zote, kisha uitoe hiyo na kuipima tena. Ikiwa imerefuka, msukumo wa bastola unakivuta kichwa nje na mwishowe kitazuia silinda kuzunguka. Bana mdomo wa ganda zaidi kidogo, na kama bado kinatembea, badilisha kichwa.