Podikasti bila kumaliza bando: programu ipi uweke kwenye simu na kompyuta

Kamwene kwa walioko Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, na wengine wote habari zenu. Leo mezani tuna programu za kusikilizia podikasti: AntennaPod, Pocket Casts, gPodder, Spotify na kidogo ile ya Apple. Sura za programu sizigusi, kila mtu na jicho lake. Ninachopima ni hiki: umepanda basi stendi ya Nanenane, Mbeya, alfajiri unakwenda Dar, mmefika mteremko wa Kitonga, mtandao umekata. Kipindi chako kiko ndani ya simu au kimebaki hewani?

Kwanza hesabu ya MB, maana wengi hulaumu programu wakati mlaji wa bando ni faili lenyewe. Podikasti ni faili la sauti, mara nyingi MP3, linalokaa kwenye seva ya mwenye kipindi. Programu yako inapita tu kwenye anwani ya kipindi, inayoitwa RSS, na kuuliza kama kuna kipya. Sauti ikiwa imerekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, gawanya kwa nane, unapata kilobaiti 16 kwa sekunde. Kwa dakika ni kama MB 1, na kwa saa ni takriban MB 58. Kipindi cha kilobiti 64 kinakula nusu ya hapo. Kwa hiyo ukifuata vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja dakika 45, kwa kiwango cha 128, mwezi unakula kama MB 520. Ukivitazama kwa video ni habari nyingine, saa moja tu inaweza kula mamia ya MB.

Na kuna jambo watu wanalichanganya: kuongeza kasi hakupunguzi MB. Kipindi cha saa moja ukikisikiliza kwa kasi ya 1.5 kinakwisha kwa dakika 40, lakini faili ni lilelile. Umeokoa muda, bando liko palepale.

Sasa AntennaPod. Hii ni ya Android peke yake, ya bure, haina matangazo ya kwake, haikudai akaunti, na msimbo wake uko wazi. Inapatikana Play Store na pia F-Droid, duka la programu za bure zenye msimbo wazi. Ukiifungua, nenda palipoandikwa "Add podcast", andika jina la kipindi, kwa mfano RFI Kiswahili, gusa matokeo, kisha jiandikishe. Kama una anwani ya RSS yenyewe, mahali pa kuibandika ni hapohapo.

Kabla hujaongeza kipindi cha pili, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya upakuaji. Kuna "Mobile updates": hapo unachagua nini kiruhusiwe kupita kwenye data ya laini yako. Ushauri wangu, ruhusu kuangalia vipindi vipya tu, zima picha, zima upakuaji wa kujiendesha, zima usikilizaji wa moja kwa moja, yaani wa kusikiliza toka mtandaoni bila kupakua. Muda wa kuangalia vipya weka kila saa 24. Watu hudharau hiki kipengele, lakini orodha ya kipindi chenye miaka mingi hewani inaweza kuwa kubwa yenyewe, na ukifuata podikasti 40 zinazokaguliwa kila saa, unalipia majibu ya "hakuna kipya" mchana kutwa.

Kwa nini nazima usikilizaji wa moja kwa moja? Kwa sababu ya mtego mmoja. Unaanza kusikiliza bila kupakua, unafika dakika ya 20, unaamua ukipakue ukamalizie baadaye. Programu inapakua faili lote toka mwanzo. Zile dakika 20 umezilipia mara mbili. Pakua kwanza, iwe usiku kama una bando la usiku, au kwenye Wi-Fi ya chuo, ndipo usikilize.

Simu ikiwa na nafasi ndogo, hapohapo kwenye upakuaji kuna chaguo la folda ya data, unaweza kuhamishia kwenye memori kadi. Ila kumbuka folda hiyo ni mali ya programu: ukiiondoa AntennaPod, na vipindi vyote vinaondoka nayo. Washa pia ufutaji wa kipindi kilichokwisha kusikilizwa, la sivyo baada ya miezi miwili simu inaanza kulia imejaa na unaanza kufuta picha za harusi.

Tatizo ninaloulizwa kuliko yote: "Nikizima kioo, baada ya dakika chache sauti inakata." Programu haina kosa hapo. Simu nyingi za bei ya kawaida zina kisimamizi cha betri kinachoua kila kitu kinachofanya kazi nyuma ya pazia. Shika alama ya programu kwa sekunde mbili, gusa taarifa zake, ingia sehemu ya betri, chagua isiwekewe kikomo. Kwenye simu nyingine kuna ukurasa wa pili, uko ndani ya ile programu ya kusafisha simu, unaoruhusu programu kujiwasha yenyewe. Ruhusu na huko. Ukibadilisha sehemu moja ukaacha ya pili, sauti itaendelea kukata na utasema nimekudanganya.

Tuje kwenye kompyuta. AntennaPod huko haipo, na hapa ndipo njia zinagawanyika.

Kama kompyuta ndiyo inayopata intaneti nzuri, tuseme uko maktaba ya chuo pale Mbeya au Iringa, weka gPodder. Ni ya bure, iko ya Windows, Mac na Linux. Sura yake ni ya kizee, nakubali, lakini kazi inaifanya. Inapakua mafaili halisi na kila podikasti inapewa folda yake ndani ya folda ya gPodder. Unachomeka simu kwa waya wa USB, unachagua kuhamisha mafaili badala ya kuchaji tu, unatengeneza folda kwenye simu, tuseme Safari, unamimina mafaili humo. Kisha kwenye AntennaPod, palepale pa kuongeza podikasti, kuna chaguo la folda ya ndani ya simu. Ioneshe folda ya Safari, itayapanga mafaili kama podikasti ya kawaida na kukumbuka ulipoishia. Mafaili yaweke moja kwa moja kwenye folda hiyo, usitumbukize folda ndani ya folda. Njia hii haili hata MB moja ya laini yako, na ndiyo ninayoipa alama za juu kwa mwanafunzi.

Lakini kama unataka uanze kusikiliza ofisini kwenye kompyuta, ufike Mafiati umeshuka daladala, uendelee kwenye simu palepale ulipoishia, basi chukua Pocket Casts. Ipo Android, ipo iPhone, na tangu 2025 kichezeshi chake cha kwenye kivinjari ni bure kwa wote. Kabla ya hapo kilikuwa cha wanaolipia. Fungua akaunti moja, ingia nayo pande zote mbili, dakika zinafuatana. Mambo kama kupanga podikasti kwenye folda bado ni ya kulipia, na sioni kwa nini msikilizaji wa kawaida alipe. Kasoro yake kwa mazingira yetu: kwenye kivinjari hakuna kupakua, kila kitu kinatiririka. Kama kompyuta inakula data ya simu yako, kichezeshi hicho kitakula tu, na ukikirudia kipindi unaweza kulipia tena. AntennaPod nayo ina njia ya kuoanisha kupitia huduma ya gpodder.net, ila huduma hiyo huzidiwa mara kwa mara, na sitaki kukutuma huko uje kunilaumu.

Spotify nitapita haraka. Imefika Tanzania 2021, na hata asiyelipia anaweza kupakua podikasti kwenye simu, jambo ambalo kwa muziki haliwezekani. Lakini huwezi kubandika anwani ya RSS uliyonayo, mafaili yanafungwa ndani yake huwezi kumrushia rafiki, na lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 la sivyo ulivyopakua vinaondoka. Wenye iPhone, ile ya Apple mnayo tayari na tangu 2024 inafunguka kwenye kivinjari pia. Kagueni tu upakuaji wa kujiendesha, maana ukifuata kipindi huweza kuanza kupakua bila kukuuliza.

La mwisho, orodha ya podikasti unazofuata. Programu ya podikasti ya Stitcher ilifungwa 2023, Google Podcasts ikafuata 2024, na aliyekuwa hana nakala alianza upya. Kwenye AntennaPod, ingia mipangilio, "Import/Export", chagua OPML, aina ya faili la kubebea orodha hiyo. Unapata faili dogo la KB chache, jitumie kwa WhatsApp au baruapepe. Pocket Casts na gPodder wote wanalipokea, kwa hiyo kuhama ni kazi ya dakika moja. Ila OPML inabeba majina na anwani za podikasti tu. Ulipoishia na ulivyokwisha kusikiliza havimo. Hivyo viko kwenye chaguo la juu yake au chini yake, la kuhifadhi hifadhidata nzima, na hilo hufunguka kwenye AntennaPod peke yake. Ukibadilisha simu, chukua yote mawili kabla hujaifuta ile ya zamani.